Website ya Afande ilivyokwama kati ya Mbale na Jinja

Habari za humu wakuu.

Jana nimesoma uzi wa jamaa mmoja analalamika kwamba kuhamisha website yake kutoka hosting moja kwenda nyingine kumemchukua siku mbili. Siku mbili! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuniangalia.

Sasa kaeni niwape ya kwangu. Wallahi sitii chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wana watoto na huenda wamo humu humu.

Ilikuwa Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kompyuta Jinja mjini, katika yale majengo ya zamani ya Wahindi. Mzee wangu alitoka Kisumu kuja kufanya kazi kiwandani, nikazaliwa pale pale, ndiyo maana Kiswahili nakimudu. Wenyeji wengi walikuwa hawakipendi, kwao ilikuwa lugha ya kambini. Ukikiongea sokoni mtu anakutazama kwanza kiunoni kama una bunduki.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, nitamwita Afande Okot. Mtu wa kaskazini, ofisa wa magereza mstaafu. Alijenga guest house ya vyumba sita kule Mpumudde, pembeni mwa Jinja. Wazungu walikuwa wameanza kumiminika kuja kuteremka maporomoko ya Nile kwa maboti ya mpira, na mtu akamwambia wazungu hawaendi mahali pasipokuwa na website.

Website ikatengenezwa pale dukani kwetu. Kurasa tatu, picha ya geti, picha ya kitanda, picha ya Afande amesimama wima kama anapigiwa saluti.

Hosting yenyewe, yaani kompyuta inayoihifadhi, ilikuwa Mbale, kwa bwana mmoja tumwite Wamimbi. Naye mstaafu, lakini wa polisi, upande wa redio. Alikuwa na ofisi ghorofani na laini ya simu iliyokuwa ikikoroma kuliko mgonjwa. Domain, lile jina la website, aliisajili yeye mwenyewe kwa jina la kampuni yake, na wakati ule nani alijua kama hilo lina maana yoyote.

Vijana wa sasa hamtaamini utaratibu ulivyokuwa.

Ukitaka kubadilisha picha moja, unaiweka kwenye flopi, unampa dereva wa taksi, ndivyo tunavyoita matatu, inakwenda Mbale. Email nazo zilikuwa zinaingia Mbale. Sekretari wa Wamimbi anazichapa kwenye karatasi, anatia kwenye bahasha, dereva anazileta Jinja. Kujibu unaandika kwa mkono, bahasha inarudi Mbale, sekretari anaipiga chapa na kuituma.

Na huyo sekretari, ili asimalize karatasi, alikuwa anachapa maneno ya barua tu. Ile sehemu ya juu yenye anwani ya mtumaji anaiacha. Anwani inabaki kwenye kompyuta yao.

Maana yake ni kwamba kila barua ya Afande ilisomwa Mbale kabla yake. Nadhani hata madereva walikuwa wanasoma.

Basi siku moja ikaja barua ambayo haikuwa ya mgeni wa chumba.

Ilikuwa ya Lamunu, binti yake wa pekee. Nesi, yuko Ulaya. Walikuwa hawajasemezana miaka saba. Sababu? Mwanaume aliyemwoa hakuleta wazee kwa utaratibu, alikuja mwenyewe na barua. Afande akakataa kwenda harusini, akakataa simu, akakataa kadi. Binti akanyamaza.

Sasa alikuwa ameiona ile website kazini kwake. Ameona picha ya baba yake getini. Akaandika kwamba ana mtoto wa kike wa miaka mitatu, kwamba mwezi unaofuata atakuwa Nairobi kwa mafunzo wiki mbili, na mtoto atakuwa naye. Akauliza, je, baba akimruhusu, anaweza kumleta nyumbani?

Kisha akamalizia kwamba asipojibiwa ataelewa.

Hapo lazima niwaambie habari za mke wa Afande, Mama Lamunu. Huyu mama alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba hayarudi, yanakwenda kidogo kidogo, huenda yakaisha mwaka huo huo. Kwa wakati ule alikuwa bado anakutambua ukimsogelea karibu. Nilipomsomea ile barua alishika mkono wangu akasema, "Bwana, mwambia Afande ajibu leo. Mimi nataka kuona uso ya huyu mtoto kabla macho yangu nafunga."

Kwa hiyo jamani, mnaona. Haikuwa habari ya website tena.

Nikaenda kwa Afande. Nikamwambia andika jibu, taksi ya saa nne inaondoka.

Akakataa!

Si kwamba hakutaka binti aje. Alitaka. Nilimwona alivyokuwa anaikunja ile barua na kuikunjua. Ila hakutaka Wamimbi na sekretari wake wasome anavyomwomba binti yake radhi. "Mimi nilikuwa naongoza gereza," akaniambia. "Sasa mutu ya Mbale asome mambo ya nyumba yangu?"

Nikamwambia Afande, wameshaisoma ya binti. Hapo nilikosea, akakasirika zaidi.

Amri ikatoka. Website ihamishwe kuja Jinja kwanza. Kulikuwa na kampuni mpya mjini inatoa hosting, na ungeweza kusoma email zako mwenyewe kwa modemu, bila bahasha. Ikishahamia, Afande atamjibu binti yake kwa faragha.

Nikakubali. Muda ulikuwepo, karibu wiki tano mpaka mafunzo ya Nairobi yaishe. Nikapanga kazi kama inavyotakiwa. Kwanza nakopi kurasa zote kuja kwa mpya. Pili naomba kwa Wamimbi barua zote na anwani zake kwenye flopi. Tatu tunaandikia wale wa domain huko ng'ambo waielekeze kwa mpya, na wao wanatuma email ya kuthibitisha kwenye anwani ile ile ya guest house, tunaijibu. Nne, kwa wa zamani tunaacha wazi mpaka tuhakikishe mpya inafanya kazi. Mwisho kabisa ndiyo tunafunga.

Nikamweleza Afande mara mbili. Nikaandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani kwake. Kurasa nikazikopi siku hiyo hiyo.

Kesho yake baba mkwe wangu akazidiwa, na ukweni kwangu ni Busiu, njia ya Tororo kwenda Mbale. Nikaenda siku nne. Mzee akapata nafuu, nikarudi.

Nikamkuta Afande amekaa barazani, amenyoosha shati, anatabasamu. Afande huwa hatabasamu, nikajua kuna jambo.

"Bwana," akasema, "ile kazi mimi nilimaliza."

Akanipa karatasi.

Wakuu, ile karatasi mpaka leo naiona nikifumba macho. Ilikuwa imepigwa chapa. Fomu ya makabidhiano. Website, moja. Email, moja. Password, moja. Flopi za picha, mbili, hali nzuri. Chini saini ya Afande, saini ya Wamimbi, na muhuri.

Kumbe kwenye magereza, na polisi hivyo hivyo, ofisa akihamishwa kituo lazima kwanza akabidhi kila kitu kule anakotoka. Bunduki, blanketi, funguo, sufuria. Asafishwe, yaani ithibitishwe hadaiwi kitu, asainiwe, ndipo akaripoti kituo kipya. Anayeripoti kabla hajasafishwa ana kesi. Afande aliishi hivyo miaka thelathini, kwa hiyo alipoona kwenye karatasi yangu nimeandika kufunga kwa wa zamani ni mwisho, akaona huyu raia amekosea mpangilio.

"Mutu hawezi kuwa na station mbili," akaniambia kwa upole, ananifundisha.

Akapanda taksi mpaka Mbale. Akapita Busiu, mbele ya nyumba ya wakwe zangu, mimi nimekaa pale pale nje napukuchua mahindi!

Na Wamimbi naye, badala ya kumwambia mzee subiri, akafurahi. Hakuna mteja aliyewahi kumletea fomu. Mtu wa kwanza anayejua kazi! Akafuta kurasa, akafuta sanduku la email pamoja na barua zote zilizokuwamo, mbele ya macho ya Afande, kimoja kimoja, huku Afande anaweka tiki. Kisha wakanywa chai.

Nikamuuliza Afande, na anwani ya Lamunu?

"Ilikuwa kwenye email. Email nilikabidhi."

Nikakaa chini sakafuni.

Ngoja niwaeleze kwa wasiojua. Domain ilikuwa bado inaelekea Mbale. Kuielekeza Jinja kunahitaji kujibu email ya uthibitisho, na ile email inakuja kwenye sanduku ambalo Afande ameagiza lifutwe. Anwani ya binti hatuna. Namba ya simu hatuna. Na yeye akiandika tena, barua inamrudia kwamba hakuna mtu wa jina hilo pale.

Yaani baba aliyemkataa miaka saba, sasa na kompyuta nayo inamkataa kwa niaba yake.

Dawa ilikuwa rahisi hata hivyo. Wamimbi afungue sanduku upya, jina lile lile. Dakika tano. Nikapanda taksi asubuhi yake kwenda Mbale, nina uhakika mchana niko nyumbani.

Wamimbi alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa nakala yake ya fomu, akaiweka mezani na kuigeuza nisome.

"Ona hapa bwana. Hii saini ya nani? Ya Afande. Ile kitu nilitoa, nilimariza. Sasa nikifungua tena, nafungua kama nani? Mimi sina mamraka."

Nikamwambia mzee ni dakika tano tu.

"Hata dakika moja. Kitu ikipotea, watauriza nani alifungua."

Nani atauliza? Nani, jamani? Hakukuwa na mtu yeyote duniani wa kuuliza! Nilibembeleza, nikafoka, nikamtajia yule mama na macho yake. Alisikitika kweli, hata akatoa kitambaa. Lakini fomu ni fomu.

Nikarudi Jinja kichwa kinanigonga.

Tukajaribu njia nyingine. Nikapiga faksi kwa wale wa domain. Baada ya wiki nzima wakajibu kwamba wanahitaji barua yenye nembo, imesainiwa na mwenye domain. Mwenye domain ni nani? Kampuni ya Wamimbi. Nikarudi Mbale. Wamimbi akasema domain ni sehemu ya website, na website, moja, imeandikwa hapa, imeshatoka kwenye vitabu vyake. Nikamwambia huko ng'ambo bado wanakujua wewe. Akasema hao ndio wamekosea, waandikie wasahihishe.

Nilitaka kupasuka.

Na kila nikipita Mpumudde, Mama Lamunu anasikia hatua zangu, anauliza, "Bado haijafunguka?" Mwanzoni alikuwa ananiona nikiingia getini. Baadaye akawa anageuza sikio.

Afande naye hakukaa kitako. Alikuwa ameshaelewa alichofanya, lakini kukubali mdomoni hapana. Anafagia uwanja, anapanga viti, anavipangua. Mara moja nilimwambia kwa hasira, Afande, ungejibu kwa taksi ile siku ya kwanza, sekretari angesoma, basi! Angesoma afanye nini? Akachukua fagio.

Wiki ya nne ndipo nikapata akili, na najilaumu kwamba ilichelewa. Hawa watu siwawezi kwa lugha ya kompyuta.

Nikakaa dukani nikapiga chapa fomu. Nikaiandika kwa kichwa kikubwa, kwamba website tajwa inarudishwa kituo cha Mbale kwa kazi maalumu ya muda, siku kumi na nne, pamoja na email, moja, na kwamba mpokeaji atakuwa na mamlaka kamili wakati huo. Nafasi ya anayetoa, nafasi ya anayepokea, nafasi ya shahidi. Afande akaisoma mara mbili, akarekebisha mstari mmoja, akasaini. Mimi nikawa shahidi.

Wamimbi alipoiona uso ulimng'aa. "Sasa hii ndiyo kazi!" Akasaini, akagonga muhuri, akafungua sanduku. Kwa saa yangu, dakika nne.

Wiki nne kwa dakika nne, wakuu. Nilitoka nje ya ile ofisi nikasimama kwenye ngazi nikatukana kwa Kijaluo, lugha ambayo huwa situmii.

Tukasubiri barua. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Yale mafunzo ya Nairobi yakaisha, tunajua yameisha, na sanduku tupu.

Siku ya sita ikaja. Safari hii nilikuwa nimekaa pale pale Mbale, nikasoma mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, nikanakili anwani kwenye kiganja kwa kalamu kabla sijasoma hata neno moja.

Lamunu alikuwa amesharudi Ulaya. Aliandika mara tatu, zote zilimrudia. Alikaa Nairobi wiki mbili, mtoto anamuuliza lini tunakwenda kwa bibi. Akasema hii ni ya nne, na hakujua kwa nini anaiandika. Kama nayo ikirudi, hataandika tena.

Haikurudi.

Nikampelekea Afande. Akataka kujibu pale pale, safari hii hata hakuuliza nani atasoma. Akasimama, mikono nyuma, akaanza kunitajia maneno niandike. Kuhusu makabidhiano ya website. Aya ya kwanza, kwamba kwa mujibu wa utaratibu...

Hapo nililipuka. Yule mzee ni sawa na baba yangu, na sijawahi kumpandishia sauti mzee namna ile. Nikamwambia, "Afande, mwambie unamtaka nyumbani! Basi! Hilo tu!"

Nilidhani atanifukuza. Akakaa kwenye kiti, akatazama miguu yake, kisha akasema taratibu, "Andika. Lamunu, nilikosa. Leta mtoto. Baba."

Nikaituma hivyo hivyo. Sekretari wa Wamimbi aliisoma, najua aliisoma. Nasikia alilia.

Binti akajibu siku iliyofuata. Lakini ruhusa ya kazini alikuwa ameimaliza Nairobi. Kazi za watu zina ratiba zake, na ilibidi angoje karibu mwaka mzima kupata nyingine.

Walikuja Desemba. Mimi ndiye niliyekwenda kuwapokea, Afande alishindwa kutoka getini. Lamunu alishuka garini, akasimama mbele ya baba yake, na yule mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Lamunu alikuwa amekaa barazani. Mtoto akapelekwa kwake. Akamweka mapajani, akampapasa paji la uso, nyusi, pua, midomo, masikio, polepole, akarudia tena.

Kisha akauliza, "Anafanana na nani?"

Afande akainuka akaenda nyuma ya nyumba.

Basi wakuu, somo la kompyuta mnalijua, ila nitalisema. Usifunge hosting ya zamani mpaka mpya imeshafanya kazi na umeijaribu. Domain iwe kwa jina lako, si la fundi. Email ya uthibitisho isikae ndani ya nyumba unayoibomoa. Anwani za watu ziandike pembeni, hata kwenye daftari la shule.

La pili si la kompyuta. Mtu akikuandikia baada ya miaka saba, mjibu siku hiyo hiyo, kwa njia yoyote iliyopo, hata ikisomwa na mji mzima. Mimi nilikubali kusubiri tuhame kwanza kwa sababu nilitaka kazi nzuri na website mpya. Ningegoma siku ile. Ningeandika mwenyewe, nikampa dereva wa saa nne. Hilo huwa silisemi nyumbani, nimelisema hapa.

Kama kuna aliyewahi kuhamisha website enzi zile za flopi na faksi, aseme yalimkuta yapi. Na kama kuna afande humu ndani anayetaka kuitetea ile fomu, karibu sana, nipo nakusubiri.